Tumpe Nini Apendaye Kusoma?

Sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bwana wetu inapokaribia, na vivyo hivyo siku za ubatizo, za kipaimara na za arusi, watu wengi hujiuliza watoe zawadi gani. Kwa mkulima swali hili si gumu: jembe jipya halikataliwi. Kwa mama mwenye watoto wengi, kanga au sufuria hupokewa kwa vigelegele. Lakini karibu katika kila kijiji yuko mtu mmoja ambaye jirani zake humwona mgumu wa kupewa. Ni yule apendaye kusoma. Akifungiwa sukari katika kipande cha gazeti, hukikunjua kile kipande akakisoma pande zote mbili kabla sukari haijaingia kikombeni. Akiingia nyumba ya mtu, macho yake hutafuta kitabu kabla hayajatafuta kiti.

"Mpeni kitabu, yamekwisha," watu husema. Twataka kulitazama jambo hili kwa utulivu, maana tuonavyo sisi halikwishi kwa neno hilo. Ndani yake mna swali kubwa kuliko zawadi yenyewe. Kumpa mtu kitu maana yake nini? Na twawezaje kumpa mwenzetu kitu kitakachofika moyoni mwake, wala kisiishie mikononi tu?

Katika kila zawadi mna mambo matatu: yuko mpaji, yuko mpewa, na kiko kitu chenyewe. Mara nyingi twafikiri sana juu ya kitu, bei yake na rangi yake, tukamsahau mpewa. Mara nyingine twafikiri juu ya mpaji, yaani sisi wenyewe, jinsi watu watakavyotutazama siku ya karamu jina letu likitajwa. Yule ambaye zawadi ni yake ndiye afikiriwaye mwisho. Wazee husema: Chanda chema huvikwa pete. Methali hii twaitumia kumsifu mtu mwema apatapo jambo jema. Lakini na tuitazame upande wa pete pia. Sonara hafanyi pete bila kupima chanda. Pete ya dhahabu ikiwa pana huanguka kisimani. Ikiwa nyembamba huumiza, ikavuliwa na kuwekwa sandukuni. Dhahabu ni ile ile, lakini haikupimwa. Basi mpaji mwema ni yule apimaye kwanza, ndipo atoe.

Tuna mashahidi wawili wa zamani katika jambo hili, na wote wawili walikuwa wafungwa.

Wa kwanza ni Mtume Paulo. Katika Waraka wa Pili kwa Timotheo, mlango wa 4, twamwona mzee yule akiwa kifungoni, wengi wamemwacha, naye ajua ya kuwa mwisho wake u karibu. Amwomba Timotheo aje upesi, kabla ya wakati wa baridi, amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na vitabu vyake, hasa vile vya ngozi. Angalieni jinsi alivyosema wazi. Ataja mji, ataja nyumba, ataja vitabu gani katika vitabu.

Wa pili ni William Tyndale, Mwingereza aliyetafsiri Agano Jipya kwa lugha ya watu wa nchi yake, likapigwa chapa mwaka 1526. Alikamatwa mwaka 1535, akafungwa katika ngome ya Vilvoorde karibu na mji wa Brussels, na mwaka 1536 akauawa. Barua moja aliyoiandika kifungoni ingaliko mpaka leo. Ndani yake aomba kofia yenye joto, kwa kuwa baridi yamsumbua kichwani. Aomba koti, na kitambaa cha kutilia viraka nguo zake. Aomba ruhusa ya kuwa na taa jioni, maana kukaa peke yake gizani kwachosha. Na zaidi ya hayo yote aomba Biblia ya Kiebrania, na kitabu cha sarufi, na kamusi ya lugha hiyo, ili aendelee na kazi yake.

Watu hawa wawili watufundisha mambo mawili. Jambo la kwanza, hakuna hata mmoja wao aliyesema, Nileteeni vitabu vyo vyote. Mwenye kiu ya kusoma hana kiu ya karatasi. Ana kiu ya neno fulani, kwa wakati fulani. Mtu angalimpelekea Tyndale vitabu ishirini vya hadithi za wafalme, angalisema ametoa sana, na kumbe hakutoa kitu. Jambo la pili, wote wawili waliomba kitabu na nguo kwa pumzi moja. Msomaji naye ana mwili. Ana kichwa kipatacho baridi, ana macho yatakayo nuru. Kwa hiyo zawadi ya msomaji si lazima iwe kitabu. Pengine kitabu anacho, lakini kitu kingine chamzuia asikisome. Mpaji mwenye akili hukitafuta kizuizi hicho.

Na tutazame basi vizuizi vilivyo katika vijiji vyetu.

Kizuizi cha kwanza ni giza. Nchi zetu zi karibu na ikweta, na usiku wetu ni karibu nusu ya siku, mwaka mzima. Mchana ni wa shamba, wa shule na wa soko. Mtu apatapo nafasi ya kukaa na kitabu, jua limekwisha kutua. Tena mafuta ya taa hununuliwa kwa fedha, na mama mwenye nyumba huyapima kwa jicho kali. Ukurasa wa kumi haujafika, msomaji huambiwa, Zima taa. Basi mtu akimpa msomaji chupa ya mafuta, au ile taa ndogo inywayo jua mchana na kutoa nuru usiku, na kusema, Hii ni ya kusomea, wala si ya jikoni, huyo amempa kila kitabu kilichomo nyumbani kwa mara ya pili.

Kizuizi cha pili ni macho. Mtu akiisha kupata miaka arobaini na kitu, kioo cha ndani ya jicho huwa kigumu, wala hakiwezi tena kujikaza kutazama vitu vya karibu. Huona ng'ombe ng'ambo ya bonde, lakini herufi zilizo mkononi mwake humchanganyikia. Wazee wangapi katika makanisa yetu wamekiweka kitabu cha sala wakasema, Nimezeeka, na kumbe hawakuzeeka sana, bali wahitaji miwani ya kusomea! Lakini hapa tena na tukumbuke pete na chanda. Miwani ya mtu mmoja haimfai mwingine. Usimnunulie baba yako miwani sokoni na kumletea kama mtu aletaye ndizi. Mpeleke apimwe macho. Mwendo ule wa kumsindikiza ni sehemu ya zawadi. Na ikiwa macho yamekwisha kabisa, bado iko njia. Louis Braille, Mfaransa aliyepofuka angali mtoto mdogo, alibuni akiwa na umri wa miaka 15 maandishi ya nukta yasomwayo kwa vidole, akayatangaza kwa kitabu mwaka 1829. Nayo yametumiwa kwa lugha nyingi, na Kiswahili kimo. Tena mjukuu ajuaye kusoma ni zawadi iliyo tayari nyumbani: na aketi kwa babu yake kila jioni amsomee ukurasa mmoja. Ukurasa mmoja kila jioni, kwa mwaka, ni kitabu kikubwa.

Kizuizi cha tatu ni kukosa mwenzi. Katika Matendo ya Mitume, mlango wa 8, twasoma habari za mtu wa Kushi, mtunza hazina wa malkia. Alikuwa na gari, alikuwa na nafasi, alikuwa na kitabu cha nabii Isaya mkononi, naye alikuwa akisoma kwa sauti njiani. Kwa macho ya watu hakupungukiwa na kitu. Lakini Filipo alipomwuliza kama ayaelewa ayasomayo, alijibu ya kuwa hawezi pasipo mtu wa kumwongoza, akamsihi apande aketi pamoja naye. Zawadi aliyopewa siku ile ilikuwa mtu wa kukaa karibu naye. Filipo hakuleta kitabu kipya. Alianza pale pale alipokuwa yule mtu anasoma. Na sisi tulio waalimu tungefanya vema kukumbuka hayo. Mara nyingi kijana aliyeacha shule hutujia na kitabu mkononi na swali moja, nasi tuna haraka, twamwambia aje siku nyingine. Amekuja kuomba zawadi ambayo haina bei, nasi twamnyima.

Kizuizi cha nne ndicho kikubwa, nacho ni kukosa wakati. Hapa twaomba wasomaji watuvumilie, maana twataka kusema juu ya binti zetu na wake zetu.

Tazameni msichana aliyefundishwa kusoma. Shuleni alikuwa wa mbele, akisoma somo kanisani sauti yake yasikika mpaka mlangoni. Ameolewa. Huamka kabla ya jogoo, huteka maji, huwasha moto, huenda shambani na mtoto mgongoni, hurudi na kuni kichwani, hupika, huosha, hulaza watoto. Kitabu chake ki juu ya dari, kimefungwa kwa kitambaa. Mwaka wapita, miaka mitano yapita. Siku moja apewa barua aisome, naye asita katika maneno kama mtoto wa darasa la kwanza. Je, nani aliyemnyang'anya kusoma kwake? Hakuna mwivi aliyeingia. Aliibiwa dakika kwa dakika, na sisi sote tuliomo nyumbani tulikuwako.

Kwa mtu kama huyu, mume aletaye kitabu kipya siku ya sikukuu asijisifu bado. Kitabu cha pili kitakwenda kukaa darini pamoja na cha kwanza. Zawadi imfaayo ni saa moja: siku ya Jumapili baada ya chakula, mume amchukue mtoto, na binti mkubwa au kijana wa kiume ateke maji, na mama aketi chini ya mwembe na kitabu chake, wala mtu asimwite. Saa hiyo haiuzwi dukani. Hutolewa na mtu aliye tayari kuipoteza saa yake mwenyewe, na kwa sababu hiyo wengi huona ni nafuu kununua kanga.

Labda mtu atasema, "Mwanamke asomaye huwa mvivu, tena mwenye kiburi." Twajibu ya kuwa uvivu na kiburi twaviona kwa waume na kwa wake, kwa wajuao kusoma na kwa wasiojua, havikuanzia kitabuni. Tena na tukumbuke Martha na Mariamu. Martha alilalamika ya kuwa ndugu yake amemwacha afanye kazi peke yake, na Bwana wetu akasema ya kuwa Mariamu amelichagua fungu jema, wala hataondolewa. Wengine humcheka Martha kwa ajili ya maneno yale. Sisi twamhurumia, maana kazi ilikuwako kweli, na wageni hula. Lakini laiti wale waliokuwa wameketi wakingoja chakula wangalishika vyombo pamoja naye. Dada wote wawili wangalipata kuketi na kusikiliza! Fungu jema halikuwa la Mariamu peke yake. Lililomkosesha Martha lilikuwa kazi isiyogawanywa.

Sasa tuje kwenye kitabu chenyewe, maana wako wasomaji ambao nuru wanayo, na macho, na nafasi, na lililobaki ni kitabu. Hapa twaona makosa matatu yafanywayo na watu wema.

Kosa la kwanza ni kitabu cha kemeo. Mtu ana rafiki apendaye pombe, au mkwe asiyekuja kanisani. Sikukuu ikifika, humpa kitabu kilichoandikwa juu ya madhara ya ulevi, kimefungwa vizuri kwa karatasi. Hiyo si zawadi. Ni fimbo iliyovikwa nguo ya arusi. Je, twasema ni vibaya kumwonya ndugu? Hasha, kuonyana ni wajibu. Lakini onyo lina mahali pake: watu wawili peke yao, uso kwa uso, kwa maneno ya upole, mwenye kuonya akiwa tayari kujibiwa. Mtu akilificha onyo ndani ya zawadi amnyima mwenzake nafasi ya kujibu, kwa kuwa adabu yamlazimu kusema ahsante. Tena humfundisha kuogopa vitabu. Kila atakapoona kitabu mkononi mwa rafiki yake atajiuliza ameshtakiwa nini.

Kosa la pili ni kitabu cha fahari. Ni kinene, ni cha lugha ya mbali, jalada lake lang'aa. Mpaji hakukisoma, na mpewa hataweza kukisoma. Lakini watu wote wamekiona kikitolewa. Kijitabu cha kurasa arobaini kwa lugha ambayo mtu huota ndoto nayo ni bora kuliko hicho. Wako wazee wajuao Kiswahili cha sokoni vizuri, lakini wakisoma Zaburi kwa lugha ya mama zao hutokwa na machozi. Mpaji na alijue hilo kabla ya kwenda dukani.

Kosa la tatu ni dogo, tena lina upendo ndani yake: kumpa mwenzako kitabu ukipendacho wewe. Hatusemi ni vibaya sikuzote. Mtu akisema, Kitabu hiki kilinifaa nilipofiwa, nikakukumbuka wewe, basi amempa rafiki yake kitabu pamoja na kipande cha maisha yake. Lakini asikasirike akikuta miezi mitatu baadaye hakijafunguliwa. Wazee husema: Bura yangu sibadili na rehani. Kila mtu ana nguo yake aipendayo, na moyo wa kusoma ni vivyo hivyo. Mmoja apenda habari za safari, mwingine mashairi, mwingine kilimo na nyuki, mwingine maisha ya watakatifu. Fundi seremala aliyepewa kitabu chenye picha za viungo vya mbao huweza kusoma usiku kucha, naye ndiye yule tuliyesema hapendi kusoma.

Je, mtu atajuaje mwenzake apenda nini? Na asikilize maswali yake. Mtu hufichua njaa yake kwa yale aulizayo. Yuko aulizaye kila mara mvua hutoka wapi. Yuko aulizaye watu wa kale waliishije. Yuko aulizaye kwa nini mwenye haki ateseka. Huyu wa mwisho usimpe kitabu cha mvua. Na mtu akiona hajui, aulize wazi. Wengine hufikiri kuuliza kwaharibu zawadi. Paulo hakuona hivyo. Alisema apendavyo, na Timotheo hakupunguziwa heshima kwa kuambiwa.

Tena iko zawadi nyingine ipitayo zote kwa kufaa, nayo ni ile iandikwayo kwa mkono kwa ajili ya mtu mmoja. Katika pwani yetu, upande wa Pate na Siu, aliishi Mwana Kupona binti Mshamu. Mume wake, Bwana Mataka, alikufa mwaka 1856. Mwaka 1858 hivi, akiwa mgonjwa, Mwana Kupona alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utenzi wa mashauri na dua. Dini yake haikuwa yetu, lakini mfano wake wafaa kutazamwa na kila Mkristo. Hakutunga ili asifiwe na wengi; alitunga kwa ajili ya msichana mmoja aliyekuwa karibu kubaki bila mama. Na kwa kuwa neno lile lilipimwa sawa kwa moyo wa mtu mmoja, limewafaa watu wengi wasio na hesabu mpaka leo. Sisi hatuwezi kutunga tenzi sote. Lakini nani asiyeweza kununua daftari moja na kuandika ndani yake majina ya babu zake, na hadithi alizosimuliwa na bibi yake, na jinsi alivyoitwa kwa ubatizo, akampa mwanawe asomaye? Kitabu kama hicho hakipatikani London wala Nairobi. Mzee akifa bila kukiandika, hakipatikani tena po pote.

Na sasa tujibu swali zito kuliko yote. Mtu maskini atasema, "Maneno haya ni mazuri, lakini nyumbani mwangu chumvi imekwisha. Je, ni haki kununua kitabu?" Twasema wazi: mtoto mwenye njaa apewe chakula kwanza. Lakini tusiseme upesi mno ya kuwa kusoma ni anasa ya walioshiba. Frederick Douglass alizaliwa mtumwa katika Marekani, karibu na mwaka 1818. Akiwa mtoto katika mji wa Baltimore, bibi wa nyumba alianza kumfundisha herufi, na mume wake akakataza, kwa kuwa aliona mtumwa asomaye hataridhika na utumwa. Basi kijana yule alipotumwa njiani alichukua mkate, akawapa watoto maskini wa Kizungu waliokuwa na njaa, nao wakamfundisha kusoma. Yeye mwenyewe alikuwa mtumwa, na bado alitoa mkate apate neno. Mwaka 1838 alitoroka, na mwaka 1845 akatoa kitabu cha maisha yake kilichosaidia kuuaibisha utumwa mbele ya ulimwengu. Mtu asimwambie maskini ya kuwa moyo wake una haki ya kutaka ugali tu.

Tena kuazima ni zawadi isiyomfilisi mtu. Andrew Carnegie alifika Marekani kutoka Scotland mwaka 1848, mtoto wa mfumaji maskini, akafanya kazi ya kupeleka habari za simu. Katika mji wa Allegheny alikuwako Kanali James Anderson, mwenye vitabu kama 400, naye alivifungua kila Jumamosi, vijana wenye kufanya kazi wachague kimoja na kukirudisha Jumamosi nyingine. Carnegie hakuisahau fadhili ile. Alipokuwa tajiri mkubwa, fedha zake zilijenga maktaba zaidi ya 2,500 katika nchi nyingi. Hivyo mtu mmoja aliyefungua kabati lake kila juma alizaa jambo ambalo yeye mwenyewe asingaliweza kulihesabu.

Lakini hadithi ile ina upande wa pili, nasi tusiufiche. Mwaka 1892, katika kiwanda cha chuma cha Carnegie huko Homestead, palizuka ugomvi mkubwa juu ya ujira, watu wakauawa, na chama cha wafanya kazi kikavunjwa nguvu. Mwaka 1898 maktaba nzuri ikafunguliwa karibu na kiwanda kile. Je, mtu afanyaye kazi muda wa saa 12 mbele ya tanuru ya moto ataingia maktaba wakati gani? Neno hili latuhusu na sisi. Tajiri asipunguze ujira wa mpagazi wake kisha akampa mtoto wa mpagazi kitabu siku ya sikukuu. Zawadi haifuti deni. Alipe kwanza ipasavyo, ndipo kitabu kitakuwa kitabu.

Mwisho, mpewa naye ana wajibu. Asikiache kitabu chini kiliwe na mchwa, wala karibu na moshi na mvuje wa paa. Akiweke juu ya ubao ulio mbali kidogo na ukuta. Asikionee choyo. Akiisha kukisoma, amwambie mpaji neno moja alilolipata ndani yake, maana hilo ndilo shukrani, kuliko kusema ahsante mara kumi. Kisha akimpata mwenye njaa ile ile, ampe asome. Vema tena mpaji aandike ndani ya jalada jina la mpewa na mwaka. Na kila aazimwaye aongeze lake chini yake. Kitabu chenye majina saba ni kichakavu, lakini kimefanya kazi kama jembe lililolimwa hata likaisha.

Husemwa: Kutoa ni moyo, si utajiri. Ni kweli, nasi twaongeza neno dogo: moyo wenyewe uwe na macho. Yule mjane aliyetia senti zake mbili katika sanduku la hazina alisifiwa kwa kuwa alitoa katika upungufu wake. Sisi nasi tuna upungufu wa namna nyingi, lakini upungufu mkubwa wa watu wa siku hizi ni wa kumtazama mwenzao. Basi, kabla ya sikukuu kufika, kila mmoja wetu na amtafute mtu mmoja nyumbani mwake au jirani yake ambaye kitabu chake kimenyamaza, na aulize ni kwa nini. Ikiwa ni giza, ampe taa. Ikiwa ni macho, amwongoze akapimwe. Ikiwa ni swali, aketi naye. Ikiwa ni kazi nyingi, amwondolee mtungi kichwani. Na ikiwa kweli ni kitabu kilichokosekana, ampe kitabu, kidogo kiwezavyo kuwa, lakini kiwe chake.